SOMO LA AFYA: KUCHA ZAKO NI KAMA MAJANI YA MAHINDI

Limeandikwa na Karani wa Ofisi ya Kilimo



Mkulima mwema hangoji mahindi yake yafe ndipo ajue kwamba shamba lina njaa. Huingia shambani asubuhi, akainama, akashika jani na kulitazama. Akiona jani la chini limegeuka rangi ya manjano kutoka nchani, na rangi hiyo yafuata mshipa wa katikati, ajua kwamba mmea umepungukiwa na naitrojeni. Akiona mahindi machanga yameingia rangi ya zambarau, huanza kufikiri habari ya fosforasi. Jani halina kinywa, lakini lina habari.

Mwili wa mtu nao una majani ya namna hiyo, nayo ni kucha za vidole. Ajabu ni kwamba mtu ambaye hapitwi na doa moja la kutu katika jani la kahawa aweza kukaa mwaka mzima asizitazame kucha zake mwenyewe, wala za mkewe, wala za watoto wake. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, kama nitakavyoeleza.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: ukucha ni kitu gani, rangi zake zaonyesha nini, na yatupasa kufanya nini. Lakini tangu mwanzo nataka neno moja likae moyoni mwa kila msomaji: ukucha huonyesha kwamba kuna jambo la kutazamwa, hautaji jina la ugonjwa. Jina la ugonjwa hutajwa na daktari baada ya kupima.

1. UKUCHA NI KITU GANI?

Ukucha umefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya kwato na pembe ya ng'ombe. Wenyewe hauna rangi nyingi; ni kama kioo cha dirisha. Rangi tunayoiona ni ya damu iliyo katika nyama chini yake. Ndiyo maana hata mtu mweusi sana huwa na wekundu chini ya ukucha, na ndiyo maana ukucha ni mahali pazuri pa kutazama damu kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi.

Ukucha huota kutoka shinani, mahali unapoingia chini ya ngozi. Ukucha wa mkono huongezeka kama milimita 3 kwa mwezi, hata kwa muda wa miezi 6 hivi huwa mpya wote. Wa mguu huenda polepole zaidi. Kidole gumba cha mguu chahitaji mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kwa hiyo ukucha ni daftari la miezi iliyopita. Mwaka 1846 daktari Mfaransa, Joseph Beau, aliandika juu ya mifereji inayokata ukucha kwa upana baada ya mtu kuugua sana. Wakati wa ugonjwa shina lilipunguza kazi, likaacha alama. Ukiona mfereji kama huo katika kucha nyingi, pima umbali wake kutoka shinani. Ukiwa milimita 6, basi jambo hilo lilitokea kiasi cha miezi miwili iliyopita. Mara nyingi mwenyewe atakumbuka: "Naam, ndipo nilipolala na homa kali." Alama hiyo haihitaji dawa, itasogea mbele mpaka ikatwe.

2. JINSI YA KUZITAZAMA

Haifai kuzitazama kucha ovyo ovyo. Fuata utaratibu huu:

(a) Osha mikono na uondoe udongo wote. Kama kuna rangi ya kupaka, iondoe. Kama kuna hina, ngoja mpaka iishe, au tazama vidole visivyotiwa.

(b) Kaa nje penye mwanga wa mchana. Mwanga wa taa hudanganya.

(c) Weka mkono wako kando ya mkono wa mtu mwenye afya. Macho hayajui kupima rangi, lakini yajua kulinganisha.

(d) Tazama kucha zote kumi. Mche mmoja ukikauka shambani, wafukua hapo kutafuta mdudu. Shamba zima likigeuka rangi, wafikiri juu ya udongo. Na kucha ni vivyo hivyo. Ukucha mmoja ukibadilika, mara nyingi shida ni ya ukucha huo: umegongwa na nyundo, au una kuvu. Zikibadilika zote kumi, lazima tufikiri juu ya damu, au juu ya viungo vya ndani.

3. KUCHA ZILIZOPAUKA: HABARI YA NYUMBANI KWANGU

Hii ndiyo sehemu kubwa ya somo, kwa sababu ndiyo inayowapata watu wengi zaidi vijijini.

Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, na majirani mpaka leo huniita Mwalimu. Kazi yangu ni kuandika barua, kutunza daftari za mbegu na mbolea, na kunakili taarifa za Mabwana Shamba. Mwaka ule mimi mwenyewe ndiye niliyenakili karatasi za mafundisho juu ya rangi za majani ya mahindi, nikazibandika ukutani ili wakulima wazione.

Wakati huo mke wangu alikuwa na mimba ya tatu, na mtoto wetu wa pili alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Akienda kuchota maji alipumzika mara tatu njiani, na zamani hakupumzika hata mara moja. Alilalamika kwamba kichwa chamwuma na moyo waenda mbio. Nilimkuta akila udongo ule laini unaouzwa sokoni, nikamkemea. Vidonge alivyopewa kliniki aliviacha kwa sababu vilimchafua tumbo, nami sikuuliza. Nilidhani ni uchovu wa mimba tu.

Jioni moja, jua halijatua, alikuja jirani yetu, bibi mzee aliyekuwa mkunga kwa miaka mingi. Mke wangu alipompa kikombe cha chai, bibi yule hakushika kikombe, alishika mkono. Akauvuta karibu na mlango penye mwanga, akauweka kando ya mkono wake mwenyewe, akazitazama kucha. Kisha akavuta kidogo ngozi ya chini ya jicho, akatazama ndani. Akanigeukia, akasema, "Mwalimu, wewe huwasomea watu majani ya mahindi yao. Haya ya nyumbani mwako atakusomea nani?"

Nilitazama. Mikono ya yule bibi ilikuwa imezeeka kwa jembe, lakini chini ya kucha zake mlikuwa na wekundu. Kucha za mke wangu zilikuwa nyeupe kama karatasi. Zilikuwa hivyo mbele yangu kila siku mezani, nami sikuziona.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Damu ilipopimwa, hemoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa katika damu, ilikuwa gramu 6.5 katika mililita 100. Kwa mwanamke mja mzito haifai kupungua 11. Ikishuka chini ya 7 ni hatari kubwa. Daktari alitueleza waziwazi: mwanamke mwenye damu kidogo namna hiyo hana akiba. Damu ambayo mwenzake aweza kuipoteza wakati wa kujifungua na akapona, yeye yaweza kumwua.

Alilazwa, akatibiwa, na miezi miwili baadaye akajifungua salama. Mtoto yule sasa yuko shuleni. Lakini mimi hukumbuka wiki zile zilizopita kabla ya kikombe kile cha chai, na ndiyo sababu naandika somo hili.

4. KWA NINI DAMU HUPUNGUA?

Katika Kiswahili tuna neno la kale, safura, lenye maana ya ugonjwa unaomfanya mtu apauke na kukosa nguvu. Wazee waliujua ugonjwa huo kwa rangi yake. Siku hizi twajua sababu zake ni nyingi:

Kwanza, chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi, na akichukua mimba humgawia mtoto chuma chake. Mimba zikifuatana upesi, akiba huisha kama shamba linalopandwa kila msimu bila mbolea.

Pili, malaria, ambayo huharibu chembe za damu.

Tatu, minyoo ya safura. Mabuu yake hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, huingia kwa ngozi ya miguu mitupu, na minyoo ikikua hujishika tumboni na kunyonya damu. Mnyoo mmoja hunyonya kidogo sana, lakini mamia yakinyonya kila siku, mtu hukauka kama ng'ombe mwenye kupe.

Nne, selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani. Mtoto mwenye ugonjwa huu haifai kununuliwa vidonge vya chuma dukani bila kupimwa.

Kucha zisiwe shahidi wa pekee. Tazama pia kiganja cha mkono, ulimi, na nyama ya ndani ya kope ya chini. Wafugaji wa kondoo wafahamu jambo hili: kondoo mwenye minyoo tumboni hufunuliwa kope, na wekundu wake hulinganishwa. Huko Afrika Kusini ilitengenezwa hata kadi yenye rangi tano kwa kazi hiyo. Kama twaweza kumfunua kondoo kope, hatuwezi kukosa nafasi ya kumtazama mtoto.

Upungufu wa chuma ukidumu sana, kucha zaweza kuwa nyembamba na kubonyea katikati kama kijiko, hata tone la maji likakaa juu yake lisimwagike. Na ile tamaa ya kula udongo mara nyingi ni alama ya upungufu huo huo. Basi usimkemee mwanamke anayekula udongo. Mpeleke akapimwe damu.

5. CHUMA KIPO, LAKINI HAKICHUKULIWI

Hapa mkulima ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mmea ukikosa chuma, majani yake mapya hugeuka manjano na mishipa yake ikabaki kijani. Lakini mara nyingi udongo wenyewe una chuma tele! Shida ni kwamba udongo una chokaa nyingi, na mizizi haiwezi kukichukua.

Tumbo la mtu nalo ni hivyo hivyo. Mboga za majani kama mchicha, managu na kunde zina chuma, na maharagwe na ndengu pia, lakini tumbo hukichukua kidogo tu. Chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa huchukuliwa kwa wepesi zaidi. Yako mambo mawili yanayoweza kubadilisha habari hii bila kuongeza gharama kubwa:

La kwanza, tunda lenye uchachu. Pera, chungwa au ndimu, likiliwa pamoja na maharagwe au mboga, hulisaidia tumbo kuchukua chuma.

La pili, chai. Sisi watu wa Kenya twapenda chai, na wengi wetu twailima. Simwambii mtu aiache. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma, kama chokaa katika udongo. Kunywa chai yako saa moja baada ya chakula, au kati ya chakula na chakula.

Tena kuna jambo la unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa kiwandani utiwe chuma na vitamini. Lakini mkulima anayesaga mahindi yake mwenyewe kwa posho mill hapati nyongeza hiyo. Hii si sababu ya kuacha mahindi yako. Ni sababu ya kuweka maharagwe, dagaa na mboga kando ya ugali.

Mwanamke mja mzito hupewa kliniki vidonge vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, ameze kimoja kila siku mpaka ajifungue. Vidonge hivi hufanya choo kuwa cheusi, na pengine huleta kichefuchefu. Choo cheusi cha namna hiyo si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua akivimeza baada ya chakula au wakati wa kulala. Asivitupe, amwambie muuguzi. Mume naye aulize kila jioni kama vimemezwa, maana mtoto ni wa watu wawili. Na vidonge viwekwe mbali na watoto: mtoto mdogo akivila vingi vyaweza kumwua.

6. RANGI NYINGINE

Nyeupe yenye ukanda mbele. Ukucha ukiwa mweupe karibu wote, na mbele ukabaki ukanda mwembamba mwekundu au wa kahawia, yafaa daktari atazame ini. Mwaka 1954 daktari Richard Terry alitazama wagonjwa 100 ambao maini yao yalikuwa yamesinyaa, akakuta 82 kati yao wana kucha za namna hii. Lakini wagonjwa wa moyo, wa kisukari na wazee pia huwa nazo. Ukucha ukiwa nusu nyeupe upande wa shina na nusu kahawia upande wa mbele, figo zipimwe.

Mistari myeupe inayokata ukucha kwa upana. Mwaka 1919 daktari Mholanzi, R. A. Mees, aliieleza mistari hii kwa watu waliokula sumu ya arseniki. Wazee wetu wakumbuka kwamba majosho ya ng'ombe ya zamani yalitiwa arseniki. Siku hizi hutumiwa dawa nyingine, lakini dawa za shamba bado zaweza kuandika juu ya kucha. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walieleza habari za wafanyakazi walioharibika kucha kwa kushika dawa za magugu aina ya parakwati na daikwati ambazo hazijachanganywa na maji. Kucha zilibadilika rangi, nyingine zikalegea. Ukiona hivyo baada ya kupulizia, ukucha wakwambia kwamba dawa yapita glavu zako, au pampu yavuja mkononi. Acha kazi hiyo mpaka uzuie dawa isikuguse, na uende kwa daktari pamoja na karatasi ya chupa.

Vidoa vidogo vyeupe. Watu wengi husema ni upungufu wa chokaa mwilini. Sivyo. Mara nyingi ni alama ya kugongwa-gongwa kwa ukucha, nayo husogea mbele mpaka ikakatwa. Mtoto mwenye vidoa hivi asisumbuliwe.

Bluu. Asubuhi ya baridi kule Molo au Kinangop kucha huweza kuwa bluu, na ukiota moto rangi yarudi. Hiyo si kitu. Lakini mtu akiwa bluu kucha, midomo na ulimi, hewa haifiki katika damu. Mtoto wa namna hiyo, hasa akihema upesi na kifua kikiingia ndani, apelekwe hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi.

Mkulima mwenye kisima na ajue jambo hili pia. Mwaka 1945 daktari wa Iowa, Marekani, alieleza jinsi watoto wachanga walionyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya shambani walivyogeuka bluu. Maji yalikuwa na naitreti, ambayo hutoka katika samadi, vyoo na mbolea. Kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Basi chimba kisima mbali na zizi na choo, na mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake.

Manjano na kijani. Ukucha mmoja au miwili ikigeuka manjano, ikawa minene na kumomonyoka, kwa kawaida ni kuvu. Matibabu yake ni ya miezi mingi, kwa sababu lazima ungoje ukucha mpya uote. Ukucha wa kijani huwapata wanaolowesha mikono kila mara, kama wakamuaji na wafuaji. Ni vijidudu vya mahali penye maji. Kausha mikono vizuri, na ukatibiwe. Lakini manjano ya ugonjwa wa ini usiyatafute kwenye kucha. Yatafute katika weupe wa jicho. Mwaka 2004 katika Ukambani watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu, aflatoksini, na 125 wakafa. Sumu ile iliwapiga katika ini, na macho yao yalikuwa manjano. Anika mahindi yako yakauke kabla ya kuyatia ghalani.

Mistari myeusi ya urefu. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia inayotoka shinani mpaka nchani, hasa tukizeeka. Ikiwa katika vidole vingi na haibadiliki, ni kama rangi ya ngozi tu. Lakini mstari mmoja mpya wa mtu mzima, unaopanuka mwezi kwa mwezi, au unaotia weusi katika ngozi ya shina la ukucha, usiuache hata kidogo. Yaweza kuwa saratani, nayo hupenda kidole gumba cha mkono na cha mguu. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya namna hii katika kidole gumba cha mguu. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Weusi wa kugongwa na jembe husogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Weusi usiosogea upelekwe kwa daktari.

7. JARIBIO LA KUBONYEZA

Hili ni jaribio ambalo kila mzazi aweza kulifanya. Shika kidole gumba cha mtoto, bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, hesabu moja, mbili, tatu, kisha uachie. Damu yapaswa kurudi mara moja, katika muda wa sekunde 2. Jaribu sasa hivi kwa ukucha wako mwenyewe, uone.

Ikiwa mtoto ana kuhara, kutapika au homa, mikono yake ni baridi, na wekundu wachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haizunguki vizuri. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Kama anaweza kunywa, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani, kidogo kidogo.

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Tazama kucha za watu wa nyumbani mwako mara moja kila mwezi, siku ya kuzikata.

2. Kucha zote zilizopauka: nenda ukapimwe damu. Kwa mja mzito, nenda wiki hii hii.

3. Bluu pamoja na midomo: nenda sasa hivi.

4. Mstari mmoja mweusi unaopanuka: nenda, hata kama hauumi.

5. Chimba choo na ukitumie, vaa viatu, lala ndani ya chandarua, na uache nafasi kati ya mtoto na mtoto.

6. Usimtibu mtu kwa kutazama ukucha tu. Na ukucha ukiwa mwekundu, usidhani kwamba mtu hana ugonjwa. Hewa ya sumu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huweza kumwua mtu bila kucha zake kuwa bluu.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini rangi ya ukucha hubadilika damu inapopungua?

2. Mfereji uko milimita 9 kutoka shina la ukucha wa mkono. Mtu huyo aliugua kama miezi mingapi iliyopita?

3. Kuna tofauti gani kati ya ukucha mmoja uliobadilika na kucha zote kumi?

4. Kwa nini haifai kunywa chai pamoja na chakula?

5. Taja sehemu nyingine tatu za mwili zinazoonyesha upungufu wa damu.

Majibu yote yamo katika somo. Wazazi wawaulize watoto, na watoto wanaosoma wawasomee bibi na babu.

Basi, wakulima wenzangu, leo jioni kabla jua halijatua, ketini nje na watu wa nyumbani mwenu, mweke mikono yenu pamoja penye mwanga. Kazi hiyo haina gharama, nayo huchukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.